Mama Anaingia Bustanini

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja na mashine yake ya umeme kunionyesha jinsi ya kutengeneza pilipili ya nyanya. Akatia nyanya mbichi, kitunguu na pilipili mbili, akabonyeza, likatoka povu jekundu. Akaonja, akakunja uso. "Bibi, imekosa nini?" Nikamwambia imekosa moto. Basi tukawasha mkaa, tukazipanga nyanya juu ya makaa, na ngozi zilipoanza kupasuka na kuungua ile harufu ikaja ikanijaa puani. Mtoto wa watu akanikazia macho, akingoja nifurahi au nifute machozi, maana vijana wa siku hizi hupenda kuona wazee wanalia. Sikufanya lolote. Nilisimama na koleo mkononi mpaka nyanya zikaungua upande mmoja zikawa majivu, akaninyang'anya koleo.

Alipoondoka nikasema, haya, niandike. Siandikii wajukuu. Nawaandikia wenzangu, ninyi mliolala na bibi zenu kwenye ngozi ya ng'ombe na mkaambiwa nenda usiulize. Mkiniona mkavu katika maneno yangu msinilaumu, ndivyo nilivyo tangu siku hizo.

Kwetu ni upande wa Tinde, si barabarani, ni ndani, mwendo wa kutoka na umande ukafika barabara kuu jua limeshakuwa kali. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama yangu, na Bibi mzaa baba. Baba alikuwa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, anashuka chini ya ardhi na taa kichwani. Alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, mara nyingine mbili, analala wiki chache, anaondoka. Nilikuwa namwogopa kidogo na kumpenda sana, na mambo hayo mawili sikuweza kuyatenganisha.

Bibi ndiye aliyekuwa mwenye mji. Alikuwa mkali, lakini si mbaya, nisimsingizie. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akikutazama unaona weupe mle ndani, na miguu ilikuwa imevimba hata kisimani haendi. Kutwa anakaa uani na ungo wake. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake. "Kabula, nani yule anapita?" Namwambia. "Kabula, mbuzi wako wapi?" Namwambia. Nilijivunia kazi hiyo kuliko kazi nyingine yoyote, kwa sababu hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa ananiuliza kitu na kuamini jibu langu.

Mama alikuwa Msumbwa, kwao Masumbwe. Kisukuma alikijua chote, lakini alikuwa anakitamka kwa namna yake, na wanawake wa kisimani walikuwa wanamwigiza akishageuka. Alipokuja kuolewa alileta mambo mawili ambayo kwetu hayakuwepo: kupiga mluzi anapofanya kazi, jambo ambalo Bibi alilikataza mwaka wa kwanza, na pilipili. Kwetu watu hawakula pilipili. Walisema ni chakula cha Waswahili, kinakausha damu. Lakini Baba alipoionja mara ya kwanza alikula ugali wa watu wawili, jasho linamtoka, anasema, "Loo! Leteni maji! Loo! Ongezeni!" Tangu hapo ugali bila pilipili ya Mama haukushuka.

Kule mgodini walikuwa wanapewa posho, unga na maharage, na nyama siku moja katika wiki. Baba alituma salamu kwamba chakula chao ni cha kujaza tumbo tu, mdomo haushiriki. Basi kila mwezi Mama alikuwa anajaza chupa mbili kubwa, tunazipeleka barabarani, dereva wa lori anazichukua mpaka Geita, na safari inayofuata anarudisha zile tupu.

Nitawaambia ilivyokuwa ikitengenezwa, maana hilo nalikumbuka kuliko sura yake. Nyanya zilikuwa za kienyeji, ndogo, za kuchuma kwa kiganja. Anazichoma juu ya makaa zikiwa nzima mpaka ngozi iwe nyeusi. Kitunguu anakichoma na maganda yake, kikishalainika anakikamua kinatoka chenyewe. Pilipili kichaa anazikaanga kavu kwenye kigae, na hapo kila mtu anakimbia, mbuzi wanapiga chafya, Bibi anatukana kutoka uani. Kisha anapiga magoti kwenye jiwe. Chumvi na pilipili kwanza, anasaga mpaka ziwe kitu kimoja. Kitunguu. Nyanya za mwisho, na hazisagwi sana, zinapondwa tu ili mtu akila ajue ni nyanya. Ndimu zilikuwa za kununua kwa Mhindi, kwa hiyo yeye alikuwa anakamua ukwaju uliolowekwa. Anaichemsha kidogo, anaitia chupani ikiwa ya moto, juu mafuta ya karanga kidogo isiote ukungu, anaziba kwa gunzi lililofungwa kitambaa, na juu ya kitambaa nta ya nyuki. Mikono yake ilikuwa inawaka mpaka kesho yake. Akinishika shavu naungua, napiga kelele, anacheka.

Bustani ilikuwa karibu na kisima, imezungushiwa minyaa. Nyanya, vitunguu, miche saba ya pilipili. Bustani ilikuwa ya Bibi, ijapokuwa alikuwa haifiki, na ilikuwa na masharti ya Bibi.

Sharti mojawapo ndilo lililotuvunja. Kila mwezi zilikuwa zinafika siku nne au tano ambazo Mama haingii bustanini. Tunakwenda naye mpaka kwenye minyaa, ananipa kapu, anasimama nje. Mimi naingia, yeye ananielekeza kwa kidole. "Hiyo la, bado. Ile ya nyuma. Hiyo, ndiyo. Usivunje tawi, mayu." Ndivyo alivyoniita akinibembeleza. Zikipita siku hizo anaingia kama kawaida.

Ninyi mmeshaelewa. Mwanamke akiwa mwezini hakanyagi bustani ya nyanya, zitanyauka. Mabibi zetu wote walisema hivyo, na wengine wanasema hadi leo. Lakini mambo hayo hayakusemwa mbele ya mtoto aliyekuwa bado anaota meno ya mbele. Nilimwuliza Bibi, "Mama anaumwa nini, mbona haingii?"

Bibi akajibu bila kuinua uso kwenye ungo. "Bustani inamkataa."

"Kwa nini inamkataa?"

"Inamkataa tu. Nenda kalete kuni."

Nikaenda kuleta kuni, na njiani nikapata jibu langu mwenyewe. Bustani ilikuwa inamkataa Mama kwa sababu ni Msumbwa. Haijamzoea. Mimi hainikatai kwa sababu nimezaliwa hapa, yeye ni mgeni, anatamka maneno vibaya, ardhi inamsikia. Nilimwonea huruma sana. Nilipokuwa peke yangu mle ndani nilikuwa nazisemesha zile nyanya, naziambia huyu ni mtu mzuri, mzoeeni. Nasema kweli. Nilikuwa nainama kabisa na kuziambia.

Basi mwaka huo Baba alikuwa amekuja wakati wa kupanda, akaondoka, na Mama akaendelea kusimama nje kila mwezi kama kawaida. Akatuma salamu kwamba atarudi wakati wa kuvuna mtama. Katikati hapo tukavuna karanga, na ni katika siku hizo za karanga nilipoanza kuona kwamba Mama anaingia bustanini kila siku. Mwezi ukapita, hakusimama nje hata siku moja. Ukaingia mwezi wa pili, bado anaingia. Anachuma mwenyewe, anapalilia, anakaa mle hata kazi ikiwa imekwisha, ananisuka nywele katikati ya nyanya.

Jamani, nilivyofurahi! Nilijua ni maneno yangu yamefanya kazi. Bustani imemzoea. Mama amekuwa wa hapa.

Kulikuwa na mambo mengine nikayaona na nikayasoma vibaya vilevile. Alikuwa anatapika asubuhi nyuma ya ghala. Akaniambia ni moshi wa pilipili umemkaba, na akasema, "Usimwambie Bibi, atatukataza kukaanga." Sikumwambia. Nilifunga mdomo kabisa, na niliona ni jambo kubwa kutunza siri ya Mama. Pia kila tulipopeleka chupa barabarani alikuwa anamwuliza dereva, "Baba Kabula anakuja lini? Amesema siku gani? Hawezi kuja mapema?" Dereva anasema, "Mama Kabula, mgodi si shamba lake, atatoka wakimruhusu." Mama anauliza tena. Nilidhani anamkumbuka Baba tu, nami nilikuwa namkumbuka, tukawa tunakumbuka pamoja.

Alichokuwa anakihesabu nakijua sasa. Baba akifika kabla Bibi hajajua, watoto wa miezi saba wapo, wamezaliwa tangu dunia ianze, na hakuna atakayesema neno. Alihitaji Baba afike. Zilikuwa zimebaki siku chache. Mwenye mimba ile alikuwa nani, sitamtaja, kwa sababu simjui kwa hakika. Watu walimtaja dereva. Dereva aliapa kwa Mungu na kwa mama yake. Mama mwenyewe hakulitamka jina lolote mpaka anaingia kaburini.

Siku yenyewe nilikuwa uani na Bibi, tunabangua karanga za mbegu. Mchana, hakuna upepo.

"Mama yako yuko wapi?"

"Bustanini."

"Tena? Jana si alikuwa huko?"

"Anakwenda kila siku, Bibi." Na hapo nikashindwa kuizuia furaha yangu. "Siku hizi hanitumi tena. Bustani imemzoea! Haimkatai tena!"

Mikono ya Bibi ikasimama kwenye karanga. Aliyageuza yale macho yake meupe kunielekea.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna karanga."

"Hata siku moja hajasimama nje?"

"Hata moja."

"Mwezi huu wala uliopita?"

"Yote miwili, Bibi. Ninakuambia imemzoea."

Akaendelea kubangua. Nilingoja aseme vizuri, au ashangae, au amwite Mama ampongeze. Baada ya muda akasema, "Umeona vizuri, mjukuu wangu. Wewe una macho." Nikajisikia mkubwa. Zilikuwa karanga nyingi, tukazimaliza zote.

Bibi hakumwambia Mama kitu. Siku tisa walikaa wanasalimiana asubuhi, wanapakuliana chakula, Mama anampelekea maji ya kuoga, Bibi anasema wabeja, yaani asante. Mimi sikuona tofauti yoyote, isipokuwa Bibi aliacha kula pilipili, naye alikuwa ameanza kuila kidogo kidogo tangu mwaka uliopita.

Siku ya tisa Baba akafika. Nilimwona mbali na sanduku la bati kichwani, nikakimbia, na Mama akakimbia nyuma yangu, mtu mzima, kanga inafunguka. Lakini Bibi alikuwa ameshajikokota na fimbo yake hadi mlangoni pa ua, mwanamke asiyeenda popote. Akamwita Baba kwa jina lake la utotoni. Akamshika mkono, akaingia naye nyumbani kwake, akafunga mlango. Mama akabaki amesimama uani. Alikuwa amechoma nyanya kwa ajili ya Baba na zilikuwa bado kwenye makaa. Akarudi akazigeuza.

Alasiri ile wakaja wazee wawili wa ukoo, wakakaa kwenye vigoda na Baba katikati. Bibi akakaa chini. Mama akakaa chini upande mwingine, peke yake. Nikaitwa. Nilinawa uso kabla ya kwenda, maana nilidhani najua wanachokijadili. Nilidhani wamekuja kumpokea Mama. Mtu akikubaliwa na ardhi, wazee lazima waambiwe, ndivyo nilivyojiambia, na shahidi ni mimi.

Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Kabula, ulimwambia nini bibi yako?"

Nikamtazama Mama. Alikuwa ananitazama. Uso wake haukuwa na kitu, haukuwa na hasira wala maombi. Akasema, "Sema tu, mwanangu. Sema ulivyoona."

Nikasimama wima nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani. Nikasema bustani ilikuwa inamkataa Mama kila mwezi, na sasa miezi miwili haimkatai. Nikasema imemzoea. Nikasema yeye sasa ni wa hapa. Mzee wa pili akakohoa na kugeukia pembeni. Baba alikuwa anavitazama viatu vyake vya mgodini, vile vizito, na nikaona kidole gumba kinasogea ndani ya kiatu, juu, chini, juu, chini. Hakuna aliyenipongeza. Bibi akasema, "Nenda kacheze."

Mama hakukana. Walimwuliza, akasema ni kweli. Walimwuliza nani, akanyamaza, na akanyamaza hata Baba alipopiga kelele. Hayo niliyapata kwa watu nilipokuwa mtu mzima, siku ile mimi nilikuwa nimeshakwenda kucheza kama nilivyoambiwa.

Asubuhi Baba akamsindikiza barabarani. Mama alibeba kitenge kimoja na kisufuria, basi. Kabla ya kutoka alinikuta mlangoni, akachuchumaa mbele yangu. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi?" Akasema, "Kwetu, Masumbwe." Nikamwuliza, "Unarudi lini?" Akasema, "Nyanya zilizoiva ni za mstari wa pili. Zichume leo, usingoje zilainike. Chumvi na pilipili kwanza, unasikia? Usianze na nyanya." Nikasema nimesikia. Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa baridi, haukuniunguza, kwa sababu jana yake hakusaga.

Nikazichuma za mstari wa pili. Nikazichoma, nikakaanga pilipili, nikakohoa, nikapiga magoti kwenye jiwe lililokuwa pana kuliko kifua changu. Nilidhani nikiitengeneza vizuri atasikia huko aliko na atarudi kuona. Jioni nikampelekea Baba na ugali. Akachovya, akatafuna, akachovya tena. Jasho likamtoka. "Ni ileile," akasema, wala hakuinua macho. Mimi nikaichukua kuwa sifa. Aliporudi Geita nilimfungia chupa mbili, na nikaendelea kuzipeleka barabarani kila mwezi kwa dereva mwingine, maana yule wa kwanza aliacha kupita njia yetu.

Hakuna mtu aliyenieleza. Nilipouliza, nikaambiwa mama yako amekwenda kwao. Nikaacha kuuliza. Wanawake wa kisimani walikuwa wanasema, "Mtoto huyu ana moyo, hata hakulia." Ni kweli sikulia. Ilikuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi, unaugusa unaona ni mguu wako lakini haukuambii kitu. Nilikula, nikacheza, nikakua. Niliendelea kuwa macho ya Bibi.

Miaka mingapi ilipita sikuihesabu. Kifua kilikuwa kimeanza kutokeza. Asubuhi moja nikaamka nikaona damu, nikamwambia Bibi, akanifundisha yanayofundishwa na akanipa vitambaa. Hata hakunifokea. Kisha nikachukua kapu langu nikaenda zangu bustanini, na Bibi akaniita kutoka uani.

"Kabula! Huko huingii. Siku nne, tano, mpaka ikome. Mtume mtoto wa jirani, wewe simama nje."

Nikasimama. Nikamwuliza, "Bustani inanikataa na mimi?"

"Inatukataa wote," akasema Bibi. "Hata mimi ilikuwa inanikataa, mpaka nilipozeeka. Na ukiona hailikatai tumbo la mwanamke kijana, ujue kuna mtu ndani."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenifundisha kupepeta. Nafikiri alikuwa amesahau. Au hakusahau, sijui. Mimi nilisimama na kapu mkononi na yote yakajipanga yenyewe, moja baada ya jingine: karanga, mwezi huu wala uliopita, wazee kwenye vigoda, umeona vizuri mjukuu wangu. Nikangoja nisikie kitu moyoni. Nikasema, "Haya, Bibi," nikaenda kumwita mtoto wa jirani. Nikasimama nje ya minyaa nikamwelekeza kwa kidole, hiyo la, ile ndiyo.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na safari ya kwenda upande wa Masumbwe kununua asali, nikamwambia nami nakwenda. Nilikuwa na mtoto mgongoni. Nilimkuta Mama kwenye ua mdogo, amekonda, meno mawili yameng'oka. Na kulikuwa na binti mkubwa mkubwa anatwanga, ana paji langu la uso. Anaitwa Minza. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Hakukuwa na mwanamume katika ua ule, wala hakukuwa na dalili kwamba aliwahi kuwepo.

Mama naye hakulia. Alimchukua mtoto wangu, akamgeuza huku na huku, akasema ana afya. Tukala. Mchana akaenda nyuma ya nyumba kwenye nyanya zake, nikamfuata, tukawa tunachuma. Nilikuwa nimeyabeba yale maneno kutoka Tinde, nikaona nikila chakula cha jioni bila kuyatoa sitayatoa kamwe.

"Mama, ni mimi niliyesema."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Si mbele ya wazee. Kabla ya hapo. Kwa Bibi, tulipokuwa tunabangua karanga."

"Hilo nalo najua." Aliendelea kuchuma. "Kabula, ulikuwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima, na nilijua bibi yako anaona kwa macho ya nani. Dawa yake ilikuwa ndogo tu. Nikutume. Siku nne, tano, nisimame nje kama siku zote, nikuelekeze. Mara mbili tu ningefanya hivyo, baba yako angekuwa amefika."

Nilikuwa sijawahi kuliwaza. Miaka yote hiyo, na ni jambo rahisi namna hiyo.

"Sasa kwa nini hukunituma?"

"Nilikwenda kukutuma. Mwezi ule wa kwanza, siku yenyewe, nilikuletea kapu mpaka kwenye minyaa." Akasimama, akanyoosha mgongo. "Wewe ulikuwa umeshatangulia ndani. Nikakuambia, leo chuma wewe, mimi nasimama hapa. Ukarudi mbio, ukanishika mkono wangu huu, ukaanza kunivuta. Unacheka, mdomo wote pengo. Ukaniambia, 'Njoo, Mama, usiogope, nimeziambia.' Ningefanya nini? Nikaingia."

Nikamtazama ule mkono. Nilijaribu kukumbuka. Nakumbuka minyaa, nakumbuka kapu lilikuwa na mpini mmoja uliokatika, nakumbuka harufu ya majani ya nyanya kwenye vidole, namkumbuka Bibi na ungo, na kidole cha Baba ndani ya kiatu.

"Sikumbuki, Mama," nikamwambia.

"Mimi nakumbuka," akasema.